Ukuta wa Chumba cha Stoyanka

Mpita njia huiona nyumba kwa nje: mlango, rangi ya ukuta, maua ya dirishani. Akipendezwa, huisifu na kuendelea na safari yake. Anayelala humo ndiye ajuaye panapovuja. Kwa ajili hiyo tuliachiwa neno hili, kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika kijiji chetu cha Dolna Krusha neno hilo lilithibitishwa kwa maji, nyumbani kwa mzee Valko, katika mwaka wa kwanza wa ujane wake.

Mkewe, Stoyanka, alifariki mwanzoni mwa vuli, wakati kila ua unanuka moshi wa pilipili tamu zinazochomwa ili zihifadhiwe kwa majira ya baridi. Aliacha zake zimemenywa nusu ndani ya beseni. Karatasi ya tanzia yenye picha yake ilibandikwa langoni, nyingine mlangoni, na juu yake ukafungwa utepe mweusi. Kwetu vitu hivyo havibanduliwi kwa mkono. Jua na mvua ndivyo vyenye ruhusa ya kuviondoa, navyo huviondoa polepole, kama huzuni yenyewe.

Mzee Valko alibaki peke yake. Watoto wake walikuwa wawili, wote wakiishi katika mji wa Plovdiv. Rada, binti mkubwa, alikuwa ameolewa huko, na mdogo wake Zahari alikuwa dereva wa basi la mjini. Majira ya baridi yalipopita, Rada alisema waziwazi kwamba hataki baba yake apitishe mengine kama yale.

"Kwangu Plovdiv, ghorofani, kuna chumba, kuna joto, kuna wajukuu," alisema. "Hapa ukianguka, atakayekuokota ni kuku."

"Kuku wangu wana akili," mzee akajibu. "Na mama yenu amelala kule kilimani. Nikija kwako, Jumamosi ya kuwaombea wafu nani atamwashia mshumaa? Lifti yako?"

Walivutana hadi wakakubaliana hivi: siku ya kumbukumbu ya mwaka tangu mama afariki, ukoo mzima utakapokusanyika, wataitazama nyumba. Ikiwa inafaa mtu kupitisha baridi humo, mzee atabaki. Ikiwa haifai, atachukua koti lake na kuondoka na binti yake siku hiyohiyo. Rada hakuwa mtu wa kurudisha nyuma neno lake, na kila mmoja alilijua hilo.

Zahari alikuwa upande wa baba yake. Alimjua mzee yule, jinsi alivyong'ang'ania ardhi kama mzizi wa mzabibu, na aliamini kwamba kumpeleka ghorofani ni kumzika kabla ya siku yake. Hata hivyo, tangu mazishi, Zahari mwenyewe hakuwa amevuka kizingiti cha nyumba ile. Kila alipokuja, aliketi uani chini ya mzabibu, akala alicholetewa na baba yake, na akichelewa alilala katika jiko la nje. Akiombwa akachukue chumvi ndani, alisema chakula kimekolea. Katika chumba cha mwisho, upande wa kaskazini, ndimo alimombusu mama yake kipaji cha uso kwa mara ya mwisho, kikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Mzee aliyaona yote hayo.

Kwa nje nyumba ilikuwa imechakaa kwa uchafu. Ukuta wa kaskazini ulikuwa na ukungu wa kijani, chini ya dohani palikuwa na michirizi ya masizi, na mbayuwayu walikuwa wamepachafua mahali pote chini ya ukingo wa paa. Bibi Tsona, jirani mwenye ulimi usiolala, alimwambia Zahari akiwa ng'ambo ya ua:

"Mwanangu, juzi mpita njia mmoja alivua kofia mbele ya lango lenu. Alidhani wenyewe mmekwisha wote."

Maneno hayo yalimchoma. Akapiga moyo konde kwamba ataiosha nyumba yote kwa mashine ya maji ya presha, ing'ae, na Rada akose la kusema.

Mashine aliipata mjini kwa Kiril, mtu mnene aliyekodisha vifaa vya usafi na kutafuna mbegu za alizeti kutwa nzima. Kiril alimwonyesha mpira, mkono wa mashine na ncha zake: ncha pana inayotawanya maji kama feni, na ncha nyembamba inayoyakusanya yakawa makali kama msumari.

"Nyumba ni ya nini?" Kiril aliuliza.

"Matofali ya kuchoma. Imepigwa lipu."

"Yote?"

"Yote. Nimezaliwa humo."

"Mimi nimezaliwa hospitali," Kiril alisema huku akitema ganda, "na mpaka leo sijui paa lake likoje. Sikiliza. Lowesha ukuta kwanza. Sabuni ipake kutoka chini kwenda juu, isije ikaacha michirizi. Iache ifanye kazi, ila isikauke. Halafu suuza kutoka juu kwenda chini, kwa ncha pana, ukisimama mbali kidogo. Usielekeze maji chini ya vigae, utainyeshea dari. Usiyaelekeze kwenye ufa hata siku moja. Na kabla hujafungua bomba, ingia ndani. Pita chumba kwa chumba, gonga kuta. Ukiona ufa, au ukisikia lipu inalia kama kibuyu kitupu, ukuta huo uache. Huo ni wa ndoo na brashi laini. Ukuta unaoshwa nje lakini unakaguliwa ndani."

"Sawa."

"Usinijibu sawa kama mume anayesomewa gazeti na mkewe."

Zahari akacheka, akapakia mashine garini.

Alifika kijijini asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani ya mzabibu. Mzee Valko alitoka na birika la kahawa.

"Ingia unywe kahawa kwanza."

"Nitainywa hapahapa, Baba."

"Basi ingia mara moja tu, uone chumba cha mama yako. Kuna kitu ukutani nataka ukione."

Zahari alidhani baba yake anazungumzia picha, ile ya harusi au ile ya yeye akiwa jeshini, ambazo mama alizitundika juu ya kitanda.

"Baadaye, Baba. Nikimaliza."

"Baadaye," mzee alirudia, akaweka birika juu ya meza. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

Kazi ikaanza. Karatasi ya langoni Zahari aliifunika kwa nailoni na kuibandika kwa uangalifu kama daktari afungaye jeraha, kisha akaosha kuizunguka. Aliyashika maagizo ya Kiril kama alivyoyasikia. Alilowesha, akapaka sabuni kutoka chini, akasubiri, akasuuza kutoka juu. Masizi yakateremka kama wino. Mawe ya uani, ambayo kwa miaka yalikuwa meusi, yakafichua kwamba asili yake ni rangi ya asali. Majirani walianza kujitokeza mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake.

"Zahari, ukimaliza hapo nioshee na mume wangu Mincho," Bibi Tsona aliita. "Yuko kwenye benchi tangu Pasaka, ameanza kuota majani."

"Mashine hii itamng'oa ngozi, bibi."

"Ngozi hana haja nayo. Mwachie masharubu tu."

Hata mzee Valko alitabasamu, akiwa ameketi na kikombe chake kilichopoa.

Ukuta wa kaskazini ulikuwa wa mwisho. Hapo ukungu ulikuwa mnene kama manyoya, na karibu na dirisha la chumba cha mama palikuwa na doa lililokataa kutoka. Zahari aliliosha mara moja, mara mbili, likabaki. Akasogea karibu, akaona katikati ya doa kuna mstari mwembamba kama unywele, uliotoka kwenye kona ya dirisha na kushuka kuelekea chini, na weusi wa ukungu umejikita humo. Alikumbuka neno la Kiril kuhusu ufa. Lakini je, huu ulikuwa ufa? Alijiambia kwamba ni mkwaruzo wa lipu tu. Angeweza kuzunguka, akaingia ndani, akatazama ukuta huohuo kwa upande wa pili na kupata jibu. Alitazama pazia la dirisha lile, pazia ambalo mama yake alilidarizi mwenyewe. Badala ya kuingia alibadilisha ncha. Akachukua ile nyembamba, akauandama mstari kutoka juu hadi chini, hadi weusi wote ukatoka. Maji yaliingia mle na hayakutoka. Hakujiuliza yamekwenda wapi.

Alipozima mashine, nyumba ilikuwa nyeupe kama jibini lililotoka kukamuliwa. Watu walisimama barabarani wakiitazama. Mwingine alisema hata Stoyanka huko aliko ameiona. Zahari alijisikia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwamba amemfanyia mama yake jambo.

"Mikono yako imefanya kazi," mzee Valko alimwambia, akampigapiga bega. "Sasa ingia."

"Mashine ya watu, Baba. Kiril anafunga mapema."

Akaondoka.

Zahari hakujua, au aliwahi kusikia utotoni akasahau, kwamba nyumba ile haikujengwa mara moja. Chumba cha kaskazini ndicho kilichotangulia. Babu yake alikijenga kwa matofali mabichi, udongo uliokandwa na majani makavu ya ngano na kukaushwa juani. Vyumba vya mbele, vya matofali ya kuchoma, viliongezwa baadaye, kisha vyote vikafunikwa kwa lipu moja ya saruji, nyumba ikawa na sura moja. Udongo ule ulikuwa umesimama imara muda wote huo kwa sababu ulikuwa mkavu. Majira ya baridi yaliyopita ufa ulikuwa umefunguka kwa ndani, nyuma ya kabati la Stoyanka, na hicho ndicho kitu ambacho mzee alitaka mwanawe akione.

Basi ukuta ukanywa maji, na saruji ya nje ikauzuia kukauka. Kwanza doa la unyevu lilitokea chini, upana wa sinia. Kisha likapanda. Mzee Valko alihamisha nguo za mkewe, akasogeza kitanda, akaacha dirisha wazi mchana kutwa. Zahari alipopiga simu kuuliza watu wanasemaje, mzee alijibu, "Wanaisifu. Jana hata padri alisimama." Angewezaje kumwambia kijana kwamba furaha yake ndiyo inayoubomoa ukuta? Tena aliogopa Rada asije akajua. Akachukua zulia la sufu ambalo Stoyanka alilifuma walipooana, akalitundika kwenye boriti, likafunika doa. Halafu akafunga chumba kwa ufunguo. Hivyo baba na mwana, kila mtu kwa upendo wake, wakawa wamesimama nje ya mlango mmoja.

Siku ya kumbukumbu ikafika. Asubuhi walikwenda kilimani, padri akasoma, divai ikamwagwa juu ya kaburi. Wanawake waligawa ngano iliyochemshwa na sukari, na kila aliyepokea alisema, "Mungu amsamehe." Waliporudi, meza ndefu ilikuwa imeandaliwa chini ya mzabibu: maharagwe, mikate, pilipili za kuchoma za Bibi Tsona.

Rada alisimama katikati ya ua akaitazama nyumba kwa muda. Akaupitisha mkono juu ya ukuta wa mbele.

"Kaka, umefanya kazi nzuri," alisema. "Sikutegemea."

"Basi Baba anabaki," Zahari akasema.

"Sijasema hivyo. Ngoja niingie ndani."

Alikagua jiko, akakagua sebule, akafungua tanuri la kuni akatazama bomba lake. Kila kitu kilikuwa safi. Alipofika mwisho wa ukumbi akaita:

"Baba, chumba cha Mama kimefungwa."

"Ufunguo sijui nimeuweka wapi," mzee alijibu kutoka mezani, bila kuinua macho.

Rada akatoka, akasimama mlangoni. "Baba, wewe hujawahi kupoteza hata kifungo."

"Usimlazimishe," Zahari akamwambia. "Chumba hicho ni kizito kwake."

"Kwake au kwako? Wewe umeingia lini?"

Zahari akajipakulia maharagwe.

"Huyu?" Bibi Tsona akadakia, mkate mkononi. "Tangu mazishi anakula uani kama mbwa wa lindo. Nilidhani ameweka nadhiri."

Zahari alihisi macho ya ukoo mzima usoni pake, lakini yaliyomwelemea zaidi ni ya baba yake, kwa kuwa hayakuwa ya lawama. Yalikuwa ya mtu aliyechoka kubeba kitu peke yake. Akainuka, akanyoosha mkono.

"Baba, nipe ufunguo."

Mzee Valko akautoa mfukoni mwa kizibao, ulimokuwa wakati wote.

Zahari akavuka kizingiti. Alipita sebuleni, akapita ukumbini, akafungua mlango wa mwisho. Hewa iliyomlaki ilikuwa na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, harufu ileile aliyoisikia asubuhi kule kilimani. Kitanda kilikuwa kimesogezwa katikati. Picha zilikuwa zimeteremshwa na kupangwa juu yake. Ukutani lilining'inia zulia, nalo lilikuwa limetuna kwa mbele, kama kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake.

Akalinyanyua pembeni. Ukuta ulikuwa umefura. Lipu ya ndani ilikuwa imebanduka, majani ya ngano yakitokeza kama nywele, na tangu juu hadi chini ulipita ufa wa kuingia mkono. Akaweka kiganja chake. Kikazama.

"Nilitaka uuone kabla ya maji," mzee alisema nyuma yake, kwa upole.

"Kwa nini hukuniambia baadaye, Baba?"

"Ulifurahi. Sikuwa nimekuona ukifurahi tangu mazishi."

Juu yao boriti ikalia. Zahari alimshika baba yake mkononi, akazikumba picha kwa mkono wa pili, wakatoka. Walikuwa hawajafika sebuleni ukuta ulipoanguka. Haukuanguka kwa kishindo, bali ulikwenda chini polepole, kama ng'ombe anayepiga magoti, ukielekea nje kwenye bustani. Lipu nyeupe iliyosifiwa na kijiji kizima ilipasuka vipande vikubwa juu ya matope. Vumbi halikupanda, kwa maana kila kitu kilikuwa kimelowa. Hakuna aliyeumia. Mbingu ilionekana kupitia chumba cha Stoyanka, na zulia lake lilibaki likining'inia kwenye boriti, halina ukuta wa kulishika.

Rada hakugomba. Maji yalikuwa yamezidi unga, na hakuna neno ambalo lingeyapunguza. Alimshika baba yake bega, akasema, "Baba, chukua koti." Mzee akalichukua. Kabla ya kuingia garini aligeuka akamwambia Zahari, "Udongo usiutupe. Ni uleule aliokanda babu yako. Ukilowekwa na majani mapya, utatoa matofali mengine."

Na ndivyo Zahari alivyofanya. Kila siku ya mapumziko alikwenda Dolna Krusha. Sasa hakula tena uani. Aliwasha moto jikoni mwa mama yake, akalala kwenye kitanda cha baba yake, akafunika paa kwa turubai na kutegemeza boriti kwa magogo. Udongo aliukusanya wote, akaupepeta kutoa vipande vya saruji, akaulundika chini ya kibanda. Lakini matofali mabichi hayakaushwi na moto wa jikoni. Yanataka jua la kiangazi. Kila aliporudi Plovdiv mzee alimuuliza, akiwa dirishani ghorofa ya sita, "Umefika wapi?" naye alijibu, "Nangoja jua, Baba." Mzee alitikisa kichwa kama mkulima anayelijua jambo hilo.

Jua halikumkuta. Mzee Valko alifariki mwezi wa Machi, korongo wakiwa bado hawajarudi. Walimleta nyumbani, kwa kuwa kwetu mtu hulala usiku wake wa mwisho chini ya paa lake, wakamlaza sebuleni, mshumaa mikononi. Karatasi ya pili ikabandikwa langoni.

Waombolezaji walipofika walisita njiani. Upande mmoja nyumba ilikuwa bado nyeupe, upande mwingine palikuwa na turubai na magogo, na matope ya theluji iliyoyeyuka. Hawakujua kama ni vyema kuingia katika nyumba yenye hali ile, wakasimama nje wameshika mishumaa yao, wakinong'ona. Zahari alikuwa amesimama ndani ya mlango uliofunguliwa wazi. Hakuomba radhi kwa sura ya nyumba, wala hakuwaeleza lolote kuhusu ukuta.

"Ingieni," alisema, akiwapa mkono mmoja mmoja. "Karibuni ndani. Baba yuko huku."

Wakaingia, wakaketi kumzunguka mzee kwenye viti ambavyo Zahari alivipangusa mwenyewe, katika joto la tanuri alilolizibua mwenyewe. Bibi Tsona alikaa pembeni mwa jeneza, akaitazama sebule ile. Kisha akamwambia Rada kwa sauti ya chini kwamba kiangazi kizima kijiji kiliisifu nyumba hii kwa makosa, na leo, ikiwa imebomoka nusu, ndipo imekuwa nyumba. Kwa hakika, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.